Foronya Ndani ya Tangi

Niape mapema, ili tusije tukasumbuana katikati ya safari: haya yote yametokea, hayana chumvi wala ndimu, na mwenye kisa namjua kama ninavyoujua mkono huu unaoandika. Anayetaka kubisha abishe sasa, kabla gari halijatoka.

Jumatatu hiyo pikapu ya Bi Mashuka ilizima mlimani saa kumi na mbili na nusu asubuhi, mgongoni imebeba vifurushi kumi na viwili vya mashuka ya hospitali, yamefuliwa, yamepigwa pasi, yamekunjwa pembe nne kama Matroni anavyotaka. Haikuzima kwa kishindo. Ilianza kuishiwa nguvu, ikashtukashtuka kama mtu mwenye kwikwi, kisha ikanyamaza. Mkwe wa Bi Mashuka, ambaye ndiye dereva, alifungua boneti, akaangalia, akafunga. Baada ya robo saa akajaribu tena. Ikawaka mara moja, ikapanda mlima ikiimba, ikazima tena karibu na soko. Hospitali alifika amechelewa dakika arobaini.

Aliporudi, Bi Mashuka alikuwa amesimama katikati ya ua, mikono imejaa povu mpaka viwikoni.

“Matroni amenipigia simu,” alisema. “Unajua kaniambia nini? Kaniambia, mama, wagonjwa wangu hawalalii ahadi. Mara tatu ukichelewa, natafuta mfuaji mwingine. Leo ni ya kwanza.”

“Gari imezima, Mama.”

“Imezima yenyewe?”

“Yenyewe. Halafu ikawaka yenyewe.”

“Basi tuna gari yenye hiari.” Wapiga pasi wawili walicheka barazani. Bi Mashuka hakucheka. “Na dizeli? Zamani lita ishirini zilikuwa zinamaliza wiki. Siku hizi Alhamisi unaniletea risiti nyingine. Gari inakunywa, au dizeli inanyweshwa watu?”

Mkwe aliinamisha kichwa. Alikuwa anaishi na mkewe katika chumba cha nyuma cha ua ule ule, na mwanamume anayeishi ukweni ni kama jogoo wa kuazima, hata alfajiri ikifika anawika kwa kunong’ona. “Dizeli najaza kituoni, Mama,” alisema. “Sijui zaidi ya hapo.”

Mlangoni, na kikombe mkononi, alikuwa amesimama mume wa Bi Mashuka. Wenzake wa kibanda cha kahawa walimwita Gia Tano, kwa sababu hadithi zake hazikuwahi kwenda taratibu. Miaka thelathini na moja aliendesha malori ya dizeli, na kwa maneno yake mwenyewe alishawahi kushuka mlima bila breki huku anapiga simu, tena enzi ambazo simu za mkononi zilikuwa hazijazaliwa. Lakini dizeli aliijua kweli. Aliposikia “imezima, ikapumzika, ikawaka,” alikishusha kikombe. Gari ikipata pumzi baada ya kupumzika, kila dereva mzee anajua pa kuangalia kwanza. Ndani ya tangi kuna kitu kinaelea. Injini ikivuta, kitu kinavutwa mpaka mdomo wa mrija, kinauziba. Injini ikizima, kinaachia na kuzama zake.

Na Gia Tano alijua zaidi ya hapo. Alijua ni kitu gani, cha rangi gani, na kilikuwa na kifungo kimoja.

“Hiyo ni filta,” alisema.

*

Fundi aliyekuja aliitwa Fundi Kimya. Akisema maneno kumi kwa siku, basi jioni anameza dawa ya koo. Alifungua filta, akaimwaga, akaweka mpya, kisha akakaa kwenye ukingo wa boneti akipampu kwa mkono kile kidude kilicho juu ya filta, ili kutoa upepo uliobaki kwenye mipaipu. Dizeli ikaja na mapovu, halafu ikaja safi. Gari ikawaka.

“Inazima baada ya muda gani?” aliuliza.

“Dakika ishirini,” alijibu mkwe.

“Ikipumzika?”

“Inawaka kama haijawahi kuzima.”

Fundi Kimya aliinama, akatazama chini ya bodi, upande wa tangi. Alikaa pale akichuchumaa, na Gia Tano akahisi jasho likimtambaa kama sisimizi. Akaanza kuzungumza. Akaeleza jinsi lori lake lilivyozima nyikani, jinsi alivyofungua pampu ya nozeli, ile inayoisukumia injini dizeli, kwa kisu cha kukatia mkate, jinsi mchanga ulivyomwagika humo debe zima.

“Debe?” aliuliza Fundi Kimya.

“Nusu debe. Ila ilikuwa pampu. Dalili ni hizi hizi.”

Fundi akainuka, akafuta mikono. Mtu asiyesema hana mazoea ya kubishana.

Sasa, ilikuwaje foronya ikaingia kwenye tangi? Tangu astaafu, Gia Tano alikuwa anaomba pesa ya kahawa. Malipo yake ya uzeeni yalikuja yanapojisikia, na yakija hayakuzidi kiganja. Hapo nyuma kibandani yeye ndiye aliyekuwa akisema, “Wape wote, nalipa mimi.” Miezi ile alikuwa anakuja amechelewa kusudi, akute watu wameshaagiza. Asubuhi moja alimwomba mkewe mbele ya wapiga pasi. Bi Mashuka akatoa noti kwenye mfuko wa aproni, imelowa sabuni, akasema, wala hakuwa na nia mbaya, “Haya, lakini usinyweshe ukoo mzima.” Wale wanawake wakatazama pasi zao. Kule kutotazamwa ndiko kulikomuuma.

Basi akaanza kuchota. Mchana, wakati wa kuanika, ua ule huwa mashuka matupu, kamba sita, mtu akisimama nyuma ya kamba ya tatu haonekani na yeyote. Anaingiza mpira kwenye tangi, anauzungushia kitambaa mdomoni mwa tangi pasivuje hewa, anapuliza hewa ndani kwa mpira wa pili, mfupi, na dizeli inapanda yenyewe mpaka kwenye dumu bila kuionja. Lita tano, mara mbili tu. Alimuuzia mwenye mashine ya kusaga, na jioni akasema kibandani, “Wape wote.” Mara ya pili, Ijumaa kabla ya Jumatatu ile, mkewe aliita, “Mzee, uko wapi?” Akachomoa mpira kwa pupa. Kitambaa, nusu ya foronya iliyochanika, kikatumbukia. Kichujio cha mdomo wa tangi kilishang’oka tangu pikapu ilipokuwa ya mtu mwingine. Gia Tano aliweka sikio pale, kana kwamba foronya ingeita.

*

Jumatano ikazima tena, pale pale mlimani. Hiyo ikawa ya pili.

Usiku huo walikaa kula. Binti yao, mke wa dereva, alipakua wali, akaanza na baba yake, kama kawaida, na mumewe akampakulia mwisho, kidogo, kama vile naye alikuwa amekubali kuwa kuna deni.

“Mwanangu,” Bi Mashuka alimwambia binti, ingawa macho yalikuwa kwa mkwe, “Matroni akivunja mkataba, hawa wapiga pasi nawaachisha. Na wewe na mimi tutarudi kufua nguo za majirani kwa beseni. Nataka mtu aniambie ukweli tu. Kama dizeli inauzwa njiani na inafidiwa kwa dizeli chafu ya madumu, nitakasirika, lakini nitajua. Kikulacho ki nguoni mwako.”

“Mama, mume wangu si mwizi,” alisema binti.

“Sijamtaja mtu.”

“Unamtazama.”

Gia Tano alikuwa na tonge mdomoni. Lilikuwa tonge dogo, lakini aliling’ang’ania kama mtu anayetafuna tairi, maana mdomo uliojaa haulazimiki kujibu. Mwishowe akameza. Kila mtu akamgeukia, maana mwenye kujua magari ndiye yeye.

“Pampu ya nozeli,” alisema. “Ishushwe, ikapimwe.”

“Ni bei gani?”

Akasema bei. Bi Mashuka aliinuka, akaingia chumbani, akarudi na bahasha. Ilikuwa imeandikwa kwa kalamu, MASHINE YA PILI. Kwa mwaka na nusu alikuwa akiitunzia mashine ya pili ya kufulia, kwa sababu vidole vyake vilikuwa vimeanza kufa ganzi asubuhi. Akahesabu, akabakiza noti tatu ndani, akaifunga tena vizuri kabisa, kana kwamba bado ilikuwa na kitu.

Gia Tano aliiona bahasha ile ikifungwa. Alikuwa na nafasi. Maneno yalikuwa mawili tu, “ni mimi,” na yeye ambaye maneno hayajawahi kumpungukia hakuyapata.

*

Alhamisi pampu ilikwenda kwa wapimaji, na mashuka yakaenda kwa mkokoteni. Mkwe aliusukuma mwenyewe, mtu mwenye leseni ya magari makubwa, akaondoka saa kumi alfajiri ili awahi. Mlimani wakata tiketi wa stendi walimpigia miluzi. “Dereva, ingiza gia!” Alifika kwa wakati, shati limeganda mgongoni, na Matroni akamwambia apitie mlango wa nyuma, wa wabeba mizigo.

Mchana huo Gia Tano alijaribu kurekebisha mambo kimyakimya. Alikunja waya wa kuanikia, akatengeneza ndoano, akaingia nyuma ya kamba ya tatu. Alivua tangini kwa nusu saa. Alinasa kutu, akanasa kitu kilaini, moyo ukamruka, kikateleza. Aligeuka kufuta jasho, akamkuta mkwe amesimama katikati ya mashuka mawili, miguu imejaa vumbi la njia.

“Baba. Umepoteza kitu?”

“Napima dizeli.”

“Kwa waya wa kuanikia?”

“Zamani tulipima hivyo.”

Mkwe aliutazama waya. Akatazama mpira uliokuwa umeviringishwa nyuma ya debe, na dumu la lita tano lililokuwa kando yake. Kisha akatazama pembeni, kama mtu aliyefungua mlango wa bafu akakuta mna mtu.

“Sawa, Baba,” alisema. Akautwaa waya mkononi mwa mzee, akaunyoosha taratibu, akaurudisha kwenye kamba, na akaanika juu yake shuka lililokuwa limeanguka.

Hakusema neno kwa mtu. Hata kwa mkewe.

*

Ijumaa jioni pampu ilirudi. “Nzima,” alisema Fundi Kimya. Alipoifunga na kutoa upepo, hakusubiri ushauri. Aliuvua mpira unaotoka kwenye tangi, akafunga mwingine, akauingiza kwenye dumu la dizeli safi alilolifunga kwa kamba nyuma ya kebini. Mpira wa kurudishia dizeli inayobaki nao akauingiza humo humo.

“Kesho pelekeni mashuka hivi,” alisema. “Ikizima, ni huku mbele. Isipozima, ni tangi.”

Yalikuwa maneno mengi mno kwake. Gia Tano alifungua mdomo aanze la nyikani, akakutana na macho ya fundi, akaufunga.

Jumamosi Bi Mashuka alipanda mwenyewe mbele, kando ya mkwe. Ingezima, ingekuwa ya tatu, na mkataba kwaheri. Walipanda mlima, wakapita soko, wakaingia hospitali saa moja kasoro dakika kumi. Matroni akatia sahihi bila kuinua macho. Kwa furaha Bi Mashuka alimwambia mkwe wazunguke mlima mara mbili zaidi wakati wa kurudi, na gari haikukohoa.

“Basi ni tangi,” alisema, na furaha ikaisha hapo hapo, maana kinachoingia tangini kinaingizwa na mtu.

Walilishusha tangi uani, mbele ya wote. Wapiga pasi waliacha pasi. Fundi Kimya alilimwaga kwenye beseni, akaliinamisha, akalitikisa, akaingiza koleo, akavuta. Kilitoka taratibu, cheusi, kimejikunja kama kitoto cha paka. Akakiweka juu ya jiwe. Bi Mashuka akakikunjua kwa vidole viwili, mpaka kikaonekana kifungo.

“Foronya yetu,” alisema. “Hii niliichana mwenyewe iwe matambara.”

Kisha Gia Tano akasogea mbele ya watu wote, akavua kofia, akasema kwa sauti kubwa, “Ni mimi. Mkwe wangu hana kosa. Mimi ndiye niliyechota dizeli, mimi ndiye niliyetumbukiza kitambaa, na nimewaacha mkimtukana mtu asiye na hatia kwa siku tano. Mnihukumu.” Bi Mashuka akalia. Mkwe akamkumbatia mzee wake. Wapiga pasi wakapiga vigelegele, Fundi Kimya akakataa malipo, na tangu siku ile ua ule haujasikia neno baya.

*

Hapo ndipo nilipoweka nukta juzi. Daftari nikalisahau juu ya meza ya kupigia pasi. Nasema nililisahau.

Mke wangu alilisoma amesimama, pasi ikipoa. Alisoma mpaka mwisho, akarudi nyuma kurasa mbili, akasoma tena. Mimi nilikuwa kwenye kiti changu, nikitazama barabara isiyopita mtu.

“Mzee,” alisema. “Mimi siku ile nilikuwepo.”

“Ulikuwepo.”

“Sikumbuki vigelegele.”

Nikamwambia hadithi inahitaji mwisho.

“Na sikumbuki kofia. Ninachokumbuka, niliuliza nani kaweka, wewe ukakohoa, ukasema, vijana wa siku hizi hawajui kutunza kifaa cha mtu. Na mkwe akasema, ni mimi, Mama, nilikuwa nimezibia mfuniko, nisamehe. Nikamwambia atafute kwingine pa kulala na pa kuendesha. Fundi nilimlipa mpaka senti ya mwisho.” Aliweka daftari chini, akalisawazisha kwa kiganja kama anavyosawazisha shuka. “Ya kamba ya tatu sikuyajua. Ya kupuliza mpira sikuyajua. Haya umeyatoa wapi, kama si kwako?”

Nyika, mchanga, kisu cha mkate, vyote vilikuwepo, vimejipanga, na hakuna hata kimoja kilichokubali kutoka.

“Mara mbili tu?” aliuliza.

“Saba.”

Wapiga pasi walikuwa wanatazama pasi zao. Bi Mashuka hakupaza sauti, afadhali angepaza. Alisema tu, “Wiki sita mwanangu analala kwenye chumba kinachovuja.” Halafu akanyoosha mkono. Malipo yangu ya miezi minne yalikuwa yametoka Jumanne, nilikuwa nimeyaficha ndani ya kiatu. Nilivua kiatu pale pale mbele yao. Hakuzigusa zile noti. “Si mimi wa kupewa kwanza,” alisema. “Bahasha yangu itangoja mwezi ujao, na mwingine. Nenda.”

Nilikwenda kwa miguu. Wanakaa nyuma ya ghala la mbao, chumba kimoja, pazia badala ya mlango. Mkwe alikuwa anaosha mkokoteni. Ndio anaoendesha siku hizi. Alipotaka kuniletea kiti nikamwambia asilete. Nikayasema maneno yangu mawili, na mengine machache, nimesimama, bila kuongeza hata nyika moja. Akanisikiliza huku ameshika tambara linalodondosha maji. Mwisho akasema, “Sawa, Baba,” kama alivyosema siku ile, na akarudi kwenye gurudumu lake.

Binti yangu alitoka akifuta mikono. Nikampa zile noti. Nilidhani ataziweka tu, kama mtoto anavyopokea kwa baba yake. Akazihesabu. Alipofika mwisho akazipanga upya, akalowesha kidole, akazihesabu mara ya pili, moja moja, mbele ya macho yangu.